Inaanza na Nini?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkutano wa walimu asubuhi. Mkuu wa shule ametangaza: Alhamisi anakuja mkaguzi, mama mmoja anayesemekana hana maneno mengi, pamoja na walimu wa shule jirani. Wataketi darasani kutazama somo la mfano. Darasa la tatu. Mkondo A au mkondo B, Mkuu bado hajaamua. Atakayefanya vizuri atakuwa mwalimu wa taaluma, asimamie masomo ya shule nzima, na mwalimu wa taaluma ana ofisi yenye mlango na kiti chenye mikono. Mkondo A ni mimi. Kiti ni changu!

Mkondo B ni Chaki Rangi. Tunamwita hivyo kwa sababu hununua chaki za rangi mwenyewe. Mwalimu wa ajabu sana. Huuliza swali, halafu hunyamaza. Mikono nyuma, anangoja, na watoto nao kimya, mpaka mmoja akohoe jibu. Ukipita dirishani kwake utadhani kuna msiba.

Kwangu? Kwangu paa linaruka. Mtindo wangu ni ule tuliofundishwa nao sote: mwalimu anaanza, watoto wanamalizia. "Moyo husukuma da...?" "Damu!" Hawajawahi kukosa. Na sauti inayotangulia zote ni ya binti yangu wa kuzaa, niliyempa jina la Redio maana huyo hata mvua haimzimi. Nyumbani ananiita baba, shuleni ananiita mwalimu, na hajawahi kuchanganya. Adabu hiyo ameirithi kwangu.

Leo nimecheza karata zangu. Viatu vya Mkuu vina visigino vya chuma, unavisikia tangu kwenye bomba la maji. Kila vikikaribia naacha hesabu, narukia maswali ya kumalizia. "Mimea hupata nguvu kwenye mwanga wa ju...?" Kishindo! Mkuu akasimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Akaenda mkondo B. Kimya. Akarudi anatikisa kichwa. Mambo yanajipa.

Baadaye kipande changu cha chaki kiliisha mpaka nikawa nakwaruza ubao kwa kucha. Mkuu hutupimia chaki utadhani ni dawa ya macho. Nikawatania watoto: "Mkuu wetu ni mcho...?" Wakaitikia: "Mchoyo!" Ni mzaha wetu tangu muhula ufunguliwe. Hakuna ubaya, Mkuu alikuwa keshapita.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimechaguliwa! Mkuu amesema darasa langu lina uhai. Nikashukuru kwa unyenyekevu mkubwa, huku nikimtazama Chaki Rangi niione sura yake. Akanipa mkono wa pongezi. Tena kwa tabasamu. Unafiki huo.

Halafu akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kumsikiliza Redio akisoma peke yake. Alisema siku ile niliyokwenda kung'olewa jino alichanganya madarasa yetu, akampa mtoto kitabu, na mtoto akawa anamtazama yeye mdomoni badala ya kutazama kitabu. Alisema ananiambia kama mzazi mwenzangu, si kama mwalimu, na kwamba bado ni mapema, linarekebishika.

Nikamjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Haikuhusiana na chochote. Ila ilitoka vizuri. Wivu tu! Amekosa kiti, sasa anamgusa mtoto.

Jioni nimehakikisha. Nimemwita Redio, nimefungua kitabu, tumesoma ukurasa mzima. Mimi naweka kidole na kumwanzishia kidogo tu ili apate moto, yeye anamalizia. "Sungura aliki..." "Alikimbia!" Hakukwama hata mahali pamoja. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akauliza mbona ni kama ninayesoma ni mimi. Nikamweleza kwamba yeye ni muuguzi, na mimi siingilii sindano zake. Akasema haya, ila kinyozi hajinyoi.

Nikatoka nje kupunga upepo. Kuna kitu kilinichoma kifuani. Nadhani ni kiungulia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Maandalizi. Somo ni Safari ya Maji, nimelitunga mwenyewe: "Jua hupasha moto maji ya ziwa. Maji hugeuka mvuke. Mvuke hupaa juu, huwa mawingu. Mawingu huleta mvua." Redio ndiye atakayelisoma mbele ya wageni. Ili asipate wasiwasi, nimemkaririsha tangu jana jioni hadi leo asubuhi akipiga mswaki. Sasa hata ubao ukifutwa, yeye anasoma!

Njiani aliniuliza kesho atazame ubao au anitazame mimi. Nikamwambia macho ubaoni, masikio kwangu. Akasema sawa. Kisha akanishika mkono mpaka getini, jambo ambalo siku hizi hataki wenzake walione. Alikuwa na kiganja cha baridi. Nikamwambia woga ni wa wasiojiandaa.

Sasa aibu ya mchana. Somo la maji linataka buluu, na mimi nina kipande cheupe kimoja. Ofisi ya walimu ilikuwa tupu. Boksi la Chaki Rangi lilikuwa mezani kwake, wazi, linaniangalia. Nikachukua buluu ya maji na njano ya jua. Nimeazima. Mtu akichukua kwa nia ya kurudisha, huko ni kuazima, ila tu mwenyewe hajaarifiwa. Nikazitia mfuko wa shati.

Shati lilikuwa jeupe na joto lilikuwa kali. Wakati wa chai Chaki Rangi akanitazama kifuani, ambapo buluu ilikuwa imekwisha kuchora ziwa. Nikasema kalamu imevuja. Akasema pole, siku hizi kuna kalamu zinavuja mpaka njano. Akaendelea kunywa chai yake.

Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kuzirudisha palepale. Lakini ningezirudishaje, wakati nimeshasema ni kalamu?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo sitaki kuandika. Ila nisipoandika nitaanza kuongea peke yangu, na mke wangu yuko chumba cha pili.

Asubuhi, kabla ya wageni, Chaki Rangi aliingia darasani kwangu, akaweka boksi lake zima mezani. Akasema maji bila buluu hayanogi. Basi, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Wageni wakaketi nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mkuu dirishani. Mkaguzi ni mama mnene wa miwani, mkoba mapajani. Nikaanza. Somo likawaka! "Jua hupasha moto ma...?" "Maji!" "Maji hugeuka mvu...?" "Mvuke!" Vumbi lilidondoka kutoka darini. Mgeni mmoja akanakili kitu. Nikakiona kile kiti chenye mikono, nikaona hata mto wa kukalia.

Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu! Nikaona nimpake Mkuu mafuta kidogo mbele ya watu. Nikawageukia watoto: "Na haya yote tunayapata kwa sababu Mkuu wetu ni m...?"

Nilikuwa nangoja "mlezi". Hatukuwahi kufanya mazoezi ya "mlezi".

"Mchoyo!" Darasa zima. Kwa furaha, kwa upendo, Redio akitangulia.

Mkuu aligeuka kutazama nje, na nje hakuna kitu cha kutazama. Mwalimu mmoja wa shule jirani alipatwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mkaguzi akasimama, akaomba kuongea na watoto. Akawauliza kwa upole mvua hutoka wapi. Swali zima, halikukatwa popote. Kimya. Ubao umejaa mawingu, na watoto wote wananitazama mimi mdomoni. Nikawatolea macho. Wapi. Mwishowe mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole kwa adabu, akamwuliza mkaguzi: "Inaanza na nini?"

Nilicheka, peke yangu. Mkaguzi hakucheka. Akasema labda mmoja atusomee. Redio alikuwa ameshasimama, nikapumua. Akasoma Safari ya Maji yote, kichwa juu, sauti mpaka getini. Makofi! Ila mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya mstari wa mwisho. Mgongo wake ulikuwa umeuziba wote, na Redio alikuwa ameusoma hivyohivyo.

Mkaguzi akageuka, akatazama ubao, akamtazama mtoto. Akachukua chaki ya njano, akaandika sentensi moja fupi: Baba yangu ni mwalimu. Akamwomba Redio asome, taratibu, hakuna haraka.

Redio akatazama ubao. Kisha akanitazama mimi mdomoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaumba midomo: ba.

Akasema bahari. Nikatikisa kichwa kidogo. Ba. Akasema barafu. Akasema barabara. Wenzake wakaanza kumsaidia: bata, bakuli, bahasha. Maneno ya ba nimewafundisha mengi, hapo sina lawama. Mkaguzi akainua mkono, wakanyamaza. Redio akabaki amesimama peke yake, anasokota pindo la sketi, kidevu kinamtetemeka. Mimi nimesimama na chaki ya watu mkononi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto wangu hajui kusoma. Mtoto wa mwalimu! Ninakaa naye darasa moja na nyumba moja, na muda wote huo nilikuwa nasikia sauti tu.

Hajawahi kuchanganya namna ya kuniita shuleni. Leo alichanganya.

"Baba," akasema, "malizia wewe."

Mkaguzi akavua miwani. Akamwambia vizuri, mwanangu, neno la kwanza umelipata. Watoto wakapiga makofi, maana nimewafundisha kupiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ni sakafu ya saruji, haikupasuka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeitwa kwa Mkuu. Hakugomba. Alisema mwalimu wa taaluma atakuwa Chaki Rangi, nikasema anastahili, na sauti yangu ikakatika katikati ya neno "anastahili". Alisema mkaguzi ameacha swali moja kwa ajili yangu: katika darasa langu, wangapi wanasoma peke yao? Nikajibu palepale kwamba wote. Mkuu akasema nisijibu, nikasikilize kwanza.

Nikaomba radhi kuhusu lile neno la mchoyo. Nikasema watoto hawa sijui wanayatoa wapi. Mkuu akanitazama tu. Sikupata nguvu ya kuendelea.

Niliporudi darasani nilikuta mezani boksi jipya la chaki kutoka ofisi ya Mkuu, limejaa, halijafunguliwa. Hakuna maneno. Sijathubutu kuligusa. Nimefundisha siku nzima na kile kipande changu, kwa kucha.

Nyumbani nimekuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Jumatatu Redio anahamia mkondo B. Mke wangu na Chaki Rangi wamezungumza, mimi nimearifiwa. Nikauliza, kwa ukali kidogo, nani katoa wazo hilo la kunidhalilisha. Mke wangu akasema ni Redio mwenyewe aliyeomba.

Nilingoja anigombeze, angalau tugombane kama watu. Alisema tu, "Debe tupu," akaishia hapo, akaenda zamu yake ya hospitali. Iliyobaki nilimalizia mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Redio imezimwa. Anakula, anaosha sahani, anakwenda zake. Nikiingia, anatazama ukuta. Si kwa jeuri. Anaona haya kunitazama, na ninayestahili kuona haya ni mimi.

Nimejiandaa tangu asubuhi kumwomba radhi. Nimejifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nimevaa na shati safi. Nikamkuta kizingitini anapaka rangi viatu vyake vya shule, nikaketi karibu naye. Nikasema, "Mwanangu, nisa..."

Neno likagoma katikati, kama punda kwenye daraja. Nikabaki mdomo wazi.

Hakuinua kichwa. "Mehe," akasema, akaendelea kupaka rangi.

Kwa hiyo hata msamaha wangu kauomba yeye. Nimeaibika kuliko Alhamisi, na leo hapakuwa na mgeni hata mmoja. Nikachukua kiatu cha pili, nikakisugua mpaka mke wangu akaja kuniambia kitatoboka. Redio akakipokea, akakitazama, akasema kinang'aa. Ni neno lake la kwanza zima kwangu tangu siku ile.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeapa. Kuanzia leo ni maswali mazima!

Nikawauliza mbu huleta ugonjwa gani. Kimya. Chaki Rangi hungoja, basi na mimi nikangoja. Jamani, kungoja ni kazi. Heri kubeba zege. Mdomo ulikuwa unataka wenyewe kuumba ile "ma", na watoto wote wako hapo kwenye mdomo, wanauchungulia. Nikauziba kwa leso. Yule wa dawati la mbele akauliza kama mwalimu anaumwa jino tena.

Nikangoja. Jasho. Kupitia ukutani nasikia ule ukimya wa mkondo B, na binti yangu yumo humo ndani, kimya na yeye. Kiti chake huku kwangu hakuna aliyekikalia.

Ndipo kule nyuma kasauti kakasema: "Malaria." Mtoto mmoja. Peke yake! Mtoto ambaye, nakiri, sikuwa najua sauti yake ikoje, kwa sababu sikuwahi kuisikia nje ya kelele za wenzake. Nilijawa na furaha. Nilijawa na furaha mpaka nikaruka na kupaza sauti: "Na malaria huletwa na m...?"

"Mbu!" Paa likaruka.

Nimerudi nyuma kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Asubuhi Chaki Rangi alinisimamisha. Hakai sana kwenye kile kiti chenye mikono, nimechungulia, mara nyingi anakiwekea vitabu. Alisema Redio leo atasoma mbele ya darasa, sentensi ambayo hajawahi kuiona. Mtoto anajitahidi sana, alisema, na amepona ule ugonjwa wa kutazama watu mdomoni. Kisha akasema kwa heshima zote: "Mwalimu mwenzangu, nakuomba leo usije."

Nikamwambia ondoa shaka. Nikaenda.

Mimi ni baba! Nilisimama nje ya dirisha lao, nikajifanya nakagua mfereji wa paa. Madirisha yetu ni ya mbao, lilikuwa wazi, nikaona vizuri. Redio yuko mbele ya ubao. Sketi haisokotwi. Kidole hewani, macho ubaoni, anasoma silabi kwa silabi: mbwa, wa, ji-ra-ni. Sauti ndogo ambayo siijui. Akafika neno la mwisho. "A-me..." Akakwama.

Na Chaki Rangi? Mikono nyuma, anangoja! Mtoto anaungua pale, yeye anangoja! Damu yangu ilishindwa. Nikasogea mpaka kwenye fremu, nikaumba midomo kwa nguvu, meno yote nje: nya. Nya!

Redio akaniona. Akaacha ubao, akaja taratibu hadi dirishani. "Samahani, baba," akasema polepole ili wenzake wasisikie. Akafunga dirisha. Nikasikia komeo.

Macho yakaniwasha. Nadhani ni vumbi. Upande ule kuna vumbi sana.

Nikabaki na mbao puani. Ndani kimya, kimya kirefu, ule wa msiba. Nilitaka kugonga. Nilikuwa nimeshainua mkono. Kisha nikasikia sauti ile ndogo: "A-me-nya-ma-za." Ikatulia. Halafu yote, mfululizo, mpaka nukta: "Mbwa wa jirani amenyamaza."

Nililia pale chini ya mfereji, mtu mzima. Vumbi tena. Nililia kwa furaha, na kwa aibu, maana sentensi ya kwanza ya binti yangu nimeisikia kupitia ubao wa dirisha uliofungwa kwa ajili yangu. Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika bega, akauliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa. Ingawa tuwe wakweli: ile "nya" ilitoka kwa nani? Na dirisha lao la nyuma, nimeona, komeo lake limevunjika. Hapana, hapana. Nimeaibika vya kutosha. Naandika hapa kwa wino, kama mzazi na kama mwalimu: mambo ya nusunusu basi. Sitarudia te...